Kilo Zilikuwa Zile Zile

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka minane na kazi yangu ilikuwa kuokota mizizi. Babu alikuwa anang'oa kahawa. Alianzia upande wa mfongo, mfereji wetu wa maji, akachimba kuzunguka shina kwa jembe, akakata mizizi kwa shoka, halafu akausukuma mbuni kwa bega mpaka ukalala. Hakuongea. Sisi wajukuu tulifurahi, maana kuni za mbuni zinashika moto vizuri na Bibi alikuwa ameahidi kupika kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage. Baba alikuwa amepita nyumbani akitoka safari. Alisimama kwenye kona ya nyumba, ufunguo wa lori mkononi, akatazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ambayo Babu aliisikia: "Ing'oe tu. Mimi haikunisomesha."

Babu aliendelea kuchimba.

Kwetu Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, habari hiyo kila mtu aliijua. Baba aliacha shule mwaka 1990 akiwa kidato cha tatu, kwa kukosa ada. Kaka yake, Baba Mkubwa, alikuwa kidato cha nne mwaka huohuo na alimaliza. Babu alikuwa na mibuni mia nne, na Baba alishika kwa mikono yake stakabadhi ya mauzo ya msimu ule. Tarakimu ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ile ya mwaka 1977, mwaka ambao Babu aliezeka nyumba kwa mabati na kununua redio. "Alipata kidogo, akajenga. Akapata nyingi, ada ikakosekana. Zilikwenda wapi?" Hilo swali Baba aliliuliza kwenye vikao vya ukoo, kwenye misiba, na mara moja mbele ya padri. Wengine walijibu mbege, pombe yetu ya ndizi. Wengine walinong'ona kuhusu mwanamke wa tambarare. Babu alifariki mwaka 2006, na kwa kadiri ninavyojua hakuwahi kulijibu.

Mimi ninauza mitumba Soko la Memorial, Moshi mjini. Nilianza baada ya kidato cha nne, nikiwa na mtaji wa kukopa na kona ya meza ya rafiki. Naandika haya kwa sababu kusoma habari za uchumi na historia kulinirudishia babu yangu, na ningependa kueleza ilivyotokea, hatua kwa hatua, maana haikuja kwa mpango.

Ilianza na belo. Nilikuwa nanunua belo la sweta za watoto kwa bei ambayo niliizoea, halafu wiki moja nikaenda nikaambiwa bei mpya. Nikauliza kulikoni. Mwenye duka la jumla akajibu bila kuinua macho: "Dola imepanda." Nikalipa. Njiani nikajiuliza: dola imepanda wapi? Sweta ni zilezile, kamba zilezile, hata harufu ya dawa ileile. Nilikuwa nimefanya biashara miaka minne na nilikuwa nalipishwa kitu nisichokijua.

Mwezi ule ule mwanafunzi mmoja wa chuo alichukua koti kwa mkopo. Aliacha rehani kitabu kinene cha Kiingereza kuhusu historia ya uchumi wa dunia, jalada lake limechanika pembeni. Hakurudi. Koti lilikuwa la shilingi elfu kumi na tano, na sijawahi kununua kitu kwa bei nafuu namna hiyo.

Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya kata. Nilisoma kurasa mbili kwa siku, asubuhi kabla wateja hawajachangamka, kamusi pembeni, na kaunta buku ya kuandikia maneno mapya. Kurasa nyingine nilizirudia mara nne. Sura iliyohusu fedha ilinichukua mwezi mzima. Lakini ndani ya ile sura ndipo nilipojua kwamba shilingi nayo ni bidhaa, ina bei yake kama sweta, na kwamba bei hiyo ikishuka basi kila kinachotoka ng'ambo kinapanda hata kama huko kilikotoka hakuna kilichobadilika. Niliifunga ile siku nikiwa nimetulia kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa wake.

Usiku, bando likiwepo, nilianza kutazama filamu za makala. Ya kwanza niliyoimaliza ilikuwa kuhusu nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, ambazo timu ya Mary Leakey ilizikuta mwaka 1978. Watu wa kale, au viumbe waliokuwa njiani kuwa watu, walipita juu ya majivu mabichi ya volkano miaka takriban milioni 3.6 iliyopita, majivu yakakauka kama sementi, na mstari wa nyayo za karibu mita 27 ukabaki. Kisigino, upinde wa unyayo, dole gumba lililonyooka mbele. Wapo waliotembea sambamba. Nilisimamisha video pale kamera ilipokaribia unyayo mmoja mdogo. Arusha naenda mara mbili kwa mwezi kufuata mzigo, na hapo ni mwendo wa saa chache tu mbele yake, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwa namna ambayo ningejali. Shuleni niliandika "Zinjanthropus, 1959, Olduvai" kwenye mtihani nikapata alama, na kichwani haikubaki picha yoyote.

Tangu hapo nikawa mtu wa usiku. Nimetazama nyingi na si zote nilizoziamini. Zile zenye muziki wa kutisha, ambapo msimulizi anasema "Afrika" kana kwamba Uru na Sahara ni mtaa mmoja, nilijifunza kuziacha katikati. Video inaniingiza haraka, inanionyesha uso wa mtu na rangi ya udongo. Ila nikitaka kujua kitu kinafanyaje kazi, lazima nirudi kwenye kitabu, nikae nacho, nichore mishale pembeni ya ukurasa. Nilijiunga na maktaba ya mkoa hapa mjini. Jumapili mchana kuna utulivu nyumbani, na hapo ndipo vitabu vya kuazima vilisomwa.

Kitu kilichonishika zaidi kilikuwa safari za mimea. Nilikuwa nimekaa kwenye kihamba, shamba la nyumbani, kwa Bibi, likizo ya Krismasi, nikaanza kuhesabu kimyakimya. Ndizi: chimbuko lake Asia ya Kusini-Mashariki na Guinea Mpya, zikavuka Bahari ya Hindi. Magimbi: Asia pia. Mahindi: Mexico, ambako wakulima waliyabadilisha kutoka jamii ya nyasi miaka kama 9,000 iliyopita. Maharage tunayochanganya kwenye kiburu: bara la Amerika. Na kahawa ndiyo yenye kisa kikubwa. Arabika, aina ya kahawa tunayolima sisi, ilianzia kwenye misitu ya Ethiopia, majirani zetu. Ikavuka kwenda Yemen. Wadachi wakaipeleka Java, Wafaransa wakaipeleka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo tunakiita Réunion. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Kikatoliki wakaipanda Kilema, kwenye mlima huu huu. Imezunguka nusu ya dunia ndipo ikatufikia kutoka kwa jirani.

Nilimweleza Bibi. Kahawa alikubali, maana baba yake alimsimulia habari za mapadri. Ndizi alikataa kabisa. "Hao wa Asia," alisema, "nani aliwafundisha mtori?"

Sasa nifike kwenye kahawa yenyewe.

Ilikuwa dokumentari kuhusu Brazil. Sikuichagua kwa sababu ya Babu, niliichagua kwa sababu nilikuwa nimeshasoma kwamba Brazil ndiyo inayolima kahawa nyingi kuliko nchi yoyote. Wakaonyesha picha za zamani za jimbo la Paraná, Julai 1975. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 baridi iliteremka mpaka utomvu ukaganda ndani ya miti. Wabrazili waliiita jalidi nyeusi, maana majani yalikuwa meusi asubuhi kana kwamba yameunguzwa. Kamera ilipita juu ya mashamba, kilima baada ya kilima, meusi mpaka upeo wa macho. Mzee mmoja alikuwa anasugua jani kati ya vidole, likawa unga.

Msimulizi akasema kilichofuata: mavuno ya Paraná ya mwaka 1976 yaliangamia karibu yote. Angola, iliyokuwa mzalishaji mkubwa, ilikuwa kwenye vita. Uganda ya Idi Amin ilikuwa imevurugika. Kahawa ikawa adimu duniani, na mwanzoni mwa mwaka 1977 bei ikapita dola tatu kwa ratili moja, yaani karibu nusu kilo.

Elfu moja mia tisa sabini na saba. Niliinuka kitandani. Mwaka wa mabati.

Yale mabati niliyolala chini yake utotoni, niliyoyasikia yakipigwa na mvua za masika, yalitoka kwenye majani meusi ya mzee yule. Hakuna mtu wa familia yetu aliyewahi kutaja neno Brazil. Walisema ule ulikuwa mwaka wa baraka. Nilikaa gizani nikifikiria watu wawili, mmoja anasugua jani lililokufa na mwingine anapanda ngazi na misumari mdomoni, na hakuna anayemjua mwenzake.

Jumamosi iliyofuata nilifunga meza mapema nikapanda Uru. Bibi ana kopo la bati la biskuti, kubwa, la mraba, linakaa chini ya kitanda. Ndani kuna vyeti vya ubatizo, kadi za kliniki, na stakabadhi za kahawa zilizofungwa kwa ukambaa wa mgomba. Nilizifungua mezani. Karatasi nyembamba, wino wa kaboni wa rangi ya zambarau, na kwenye nyingi kuna alama za vidole za buluu. Ile buluu ni mrututu, dawa ya shaba. Babu alikuwa akichanganya dawa ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, kwa mikono mitupu, na kila alichoshika msimu ule kilibaki na alama yake. Kidole gumba chake kilikuwa pale, kimetulia, miaka kumi na kitu baada ya kuzikwa.

Nilichukua kaunta buku nikachora safu. Mwaka. Kilo. Pesa. Makato. Kitabu kilikuwa kimenifundisha jambo moja la lazima kabla ya kulinganisha pesa za miaka miwili: usiangalie tarakimu, angalia ilinunua nini. Mwaka 1977 dola moja ilikuwa karibu shilingi 8. Mwaka 1990 ilikuwa imezidi shilingi 190. Kwa hiyo ile tarakimu kubwa ambayo Baba aliishika mkononi ilikuwa imevimba. Ilikuwa na sifuri nyingi na nguvu kidogo.

Nikaanza na safu ya kilo, kahawa ya maganda iliyopimwa kwenye mizani ya chama cha ushirika. Mwaka 1977, kilo 312. Mwaka 1984, kilo 305. Mwaka 1988, kilo 331. Mwaka 1990, kilo 318.

Niliweka kalamu chini. Kama Babu angekuwa amelewea mbege na kutelekeza shamba, kilo zingeshuka. Mbuni hauwezi kudanganya. Usipopogoa, usipopiga dawa, usipochuma mbivu kwa wakati, mizani inasema. Mizani ilikuwa imesema kitu kilekile kwa miaka kumi na mitatu.

Kwenye kopo kulikuwa pia na karatasi za ada za Baba Mkubwa na za Baba. Nikaigeuza ada kuwa kilo za kahawa. Mwaka 1988 ada ya mtoto mmoja kwa mwaka ilikuwa sawa na kilo 60. Mwaka 1990 ilikuwa sawa na kilo 130. Watoto wawili, kilo 260. Deni la dawa na pembejeo, ambalo lilikatwa kabla pesa haijamfikia, lilikuwa sawa na kilo 85. Jumla 345. Babu alikuwa na 318, na hapo hajanunua chumvi, mafuta ya taa, wala kalamu. Na malipo ya pili, yale ya chama baada ya kahawa kuuzwa, ambayo kila mkulima aliyahesabia, yalichelewa kupita mwaka na yalipofika yalikuwa ya kuona aibu kuyataja.

Alikuwa na mtoto aliyebakiza mwaka mmoja na mtoto aliyebakiza miwili. Akamlipia wa mwaka mmoja.

Bado nilitaka kujua ni nini kilitokea kati ya 1988 na 1990. Jibu nililikuta maktaba, kwenye kitabu kilichoelezea biashara ya mazao. Tangu mwaka 1962 nchi zinazolima kahawa na nchi zinazoinywa zilikuwa na mkataba wa kimataifa, makao yake London. Kila nchi inayolima ilipangiwa kiasi cha kuuza ili soko lisifurike na bei isianguke. Marekani, mnywaji mkubwa kuliko wote, ilikubali kubeba gharama hiyo kwa sababu za kisiasa: Cuba ilikuwa imepinduka mwaka 1959, na Washington iliogopa kwamba wakulima maskini wa Amerika ya Kusini wangegeukia ukomunisti. Miaka ilivyosonga hofu hiyo ikapoa. Wanunuzi walilalamika kwamba kahawa inauzwa kwa bei ya chini kwa nchi zisizo kwenye mkataba, walitaka pia arabika laini zaidi kuliko mgao ulivyoruhusu, na Brazil haikutaka kupunguziwa fungu lake. Julai 1989 wajumbe walishindwa kuelewana. Mgao ukasitishwa. Kila nchi ikatoa kahawa yake ghalani kwa wakati mmoja, na bei ikaanguka karibu nusu ndani ya miezi michache.

Kuna kitu kingine kilichonikaa moyoni kuhusu bei hii. Mtu wa Chicago anayekunywa vikombe viwili kwa siku hatakunywa vinne kwa sababu kahawa imekuwa rahisi. Na mkulima wa Uru hawezi kuuzima mbuni kama taa kisha auwashe bei ikirudi. Mche unachukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa na ukishazaa unazaa miaka mingi. Ndiyo maana kahawa ikizidi kidogo tu bei inaporomoka vibaya, na ikipungua kidogo inaruka. Bei ya 1977 iliwafanya wakulima wengi duniani waongeze mibuni. Wabrazili nao walipanda upya, wengi wakahamia Minas Gerais ambako jalidi ni chache. Kila mmoja alifanya jambo la busara shambani kwake. Baadaye, miaka ya 1990, Vietnam ikapanda kahawa kwa kasi mpaka ikawa ya pili duniani. Mwaka 2001 na 2002 bei ya wastani ilikuwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Huo ndio wakati nilipokuwa naokota mizizi na kushangilia.

Nilimpelekea Baba ile kaunta buku Jumatatu usiku. Ameacha udereva kwa sababu ya mgongo na anaishi Pasua, hapa Moshi mjini. Nilimpa shikamoo, nikamwandalia chai, nikasubiri taarifa ya habari iishe. Nilikuwa naogopa. Mtu akibeba hasira miaka thelathini, huwezi tu kumpokonya.

"Baba, naomba uniangalizie hesabu hii."

Alivaa miwani. Aliifuata safu ya kilo kwa kucha, akishuka taratibu, kisha akapanda tena juu. Baba amepita kwenye mizani za barabarani maisha yake yote. Uzito ni kitu anachokijua.

"Kilo zilikuwa zile zile," alisema.

"Zile zile, Baba."

Nikamweleza London, nikamweleza dola, nikamweleza ile karatasi ya ada. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na yeye, nani alimweleza?"

Nikamwambia hakuna. Kwenye chama waliambiwa tu bei imeshuka. Redio ilikuwepo, ile aliyoinunua mwaka 1977, na huenda ilitaja mkutano wa London katikati ya habari nyingine, lakini nani angeunganisha jambo hilo na mizani ya Uru? Babu aliulizwa pesa zilikwenda wapi na mwenyewe hakujua. Alichokuwa nacho ni ukimya.

Baba alivua miwani akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Niache nayo hii," akasema, akaifunga kaunta buku na kuiweka juu ya kabati la vyombo, mahali anapoweka leseni yake.

Baadaye nilisoma kwamba haikuwa mara ya kwanza kwa mlima huu. Miaka ya 1930, baada ya soko la hisa la New York kuanguka mwaka 1929, kahawa ilizidi duniani kiasi kwamba serikali ya Brazil iliharibu zaidi ya magunia milioni 70 kwa miaka kadhaa, mengine yakichomwa, mengine yakitumika kama kuni za garimoshi. Katikati ya dhoruba hiyo, mwaka 1933, ndipo KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilipoundwa hapa Moshi. Mwaka 1937 wakulima wa Kilimanjaro wakafanya ghasia. Waliona pesa inapungua, na waliyemwona mbele yao alikuwa karani na mizani. Nilipofika kwenye ukurasa ule niliwaona akina Baba wengi, wamesimama kwenye kona za nyumba wakiuliza swali moja.

Nilimsoma pia mwanahistoria Walter Rodney. Alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipochapisha mwaka 1972 kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma, na mwaka 1980 aliuawa kwa bomu kwao Guyana. Anaeleza barabara na reli za wakoloni zilivyoelekea baharini, na mimi nikaifikiria reli yetu ya Tanga, iliyofika Moshi enzi za Wajerumani, ikinyonya kama mrija. Nilikubali mengi. Lakini kuna kitu nilikikosa humo, nacho nilikipata kwa Bibi tu.

Stakabadhi zote zina jina la Babu. Aliyechuma, aliyezungusha mashine ya kumenya kwa mkono, aliyeosha kahawa mfongoni na kuigeuza kwenye vichanja jua likiwaka, ni Bibi. Kwa desturi yetu kahawa ilikuwa ya mwanaume na ndizi za mwanamke. Nilimuuliza mwaka 1990 waliishije. Akanishangaa. "Si ndizi? Nilikuwa nabeba mikungu soko la Mbuyuni Jumanne na Ijumaa. Mnafikiri mlikula stakabadhi?" Ndizi zake hazikuandikwa na karani yeyote. Ningeweza kusoma vitabu mia na nisikute hata mkungu wake mmoja, na ndio uliotuvusha. Sasa ninaandika kwenye kaunta buku ya pili kila anachokumbuka: mikungu mingapi, bei gani, alinunua nini aliporudi. Ana miaka themanini na saba na kwa kumbukumbu ya bei anamshinda hata mwenye duka la jumla.

Desemba 2024 bei ya arabika ilivunja rekodi ya mwaka 1977, na mapema mwaka 2025 ikapita dola nne kwa ratili. Ukame Brazil, mavuno mabaya Vietnam. Uru nzima ikaanza kuulizana habari za miche. Baba alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi: anataka kupanda mia mbili, atafyeka ndizi za upande wa chini.

"Baba, mia mbili zitazaa mwaka gani?"

Kimya. Nilimsikia akihesabu. "Ishirini na nane hivi."

"Na mwaka huo nani mwingine atakuwa anavuna?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa. Sikutaka kumkataza. Bei nzuri ni nzuri, na miche chotara ya kituo cha utafiti cha Lyamungo inastahimili chulebuni na kutu ya majani, kwa hiyo ile gharama ya dawa iliyomla Babu si lazima itule na sisi. Nilichoomba ni kwamba tumuulize Bibi, na Bibi akaamua: miche thelathini, kwenye mashimo ya zamani upande wa mfongo, na usiguswe mgomba wake hata mmoja.

Tulichimba Desemba, wakati wote tumerudi nyumbani. Futi mbili kwenda chini, futi mbili upana, udongo wa juu tukauweka kando na kuuchanganya na samadi. Kwenye shimo la tatu jembe langu liligonga kipande cha mzizi wa zamani, kigumu bado, chenye alama ya shoka. Baba alikichukua akakigeuza mkononi, akakitia mfukoni.

Jioni alienda mpakani akakata isale, mmea wa mipaka ambao kwetu hubebwa pia kwenda kuomba msamaha. Alisema anataka kuziba mahali ambapo ng'ombe wa jirani wanapita. Lakini mpaka uko juu, na yeye alishuka, akanawa mikono kwenye mfongo, akazunguka nyuma ya nyumba alikolala Babu, lile jani refu la kijani ameliinamisha mbele yake kwa mikono miwili. Nilitaka kumfuata. Bibi akanishika kanga.

"Mwache," alisema. "Njoo tuwashe moto."